Gari liko melini, karatasi siioni

Assalamu alaykum Ami, na shikamoo.

Mie ni mwalimu wa skuli, niko Wete, nina mke na watoto watatu. Nakuandikia saa saba za usiku kwa sababu usingizi umenikimbia tangu Alkhamisi.

Miaka minne nimekuwa nikidunduliza nipate Noah ya kuchukulia abiria wa meli pale Mkoani kuwaleta Chake na Wete, na siku za harusi niikodishe. Mshahara wa mwalimu unajuulikana. Lakini msimu huu Mungu kajaalia, mikarafuu aliyotuachia marehemu baba imezaa, na baada ya kuwalipa wachumaji na kuuza ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, nimebakiwa na milioni nane. Akiba yangu pamoja na mkopo wa ushirika ni milioni kumi. Jumla kumi na nane.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anakaa Unguja. Yeye ndiye aliyeniunga kwenye kundi la WhatsApp la dalali mmoja wa magari. Kila siku anatia picha za magari yaliyoko yadi Japani, yanang'ara utasema yamepakwa mafuta ya nazi. Nikaulizia Noah. Akaniletea moja nyeupe, akasema ya mwaka 2010, imetembea kilometa 61,000, mpya kabisa, haijagusa barabara ya Afrika, milioni 18 mpaka mkononi. Wengine wote niliowauliza waliniambia Noah ya mwaka huo sitaipata chini ya 23. Nikaona hii ndiyo bakhti yangu.

Alkhamisi mchana akanipigia: gari lishapakiwa, liko melini, mteja wa Dar kashindwa kumalizia, na kampuni imempa mpaka saa kumi alasiri siku ile ile apate mtu mwengine. Nitume milioni mbili za kulishikia. Nikatuma, kwa simu. Jina lililotokea si lake. Akasema ni la mhasibu wao. Sasa anataka milioni kumi kabla ya Jumatatu, na sita zilizobaki gari likifika bandari ya Malindi, Unguja. Nilimuomba karatasi yoyote ile. Akaniletea picha ya kibati cha chesesi, namba inaanza AZR60, na picha ya meli. Meli nzuri tu, lakini jina halionekani.

Shemeji anasema mie muoga, na kwamba keshanipigia kifua nisije nikamtia aibu. Mke wangu kanyamaza, na unyamavu wake naujua. Mama hajaniuliza chochote kuhusu pesa za karafuu, wala dada zangu wawili, mmoja kaolewa Konde na mwengine yuko Unguja. Juzi mama alisema tu kuwa bati la jikoni limetoboka, mvua ikinyesha inabidi alihamishe jiko. Nikamwambia asubiri kidogo.

Ami, nimalizie au niache? Na nikiacha, zile milioni mbili ndiyo zishakwenda?

Mwalimu asiyelala, Wete

*

Waalaykumu ssalaam mwanangu, marahaba.

Usitume hata shilingi moja. Nimelitanguliza hilo kwa sababu barua yako ina Jumatatu ndani yake. Mengine tuyazungumze taratibu.

Sitaki kumwita huyo bwana tapeli. Simjui, na udalali si tusi. Wapo madalali wa magari wanaokula jasho lao, wanaoamka usiku kufuatilia minada ya Japani na kumtafutia mtu gari asilolijua jina. Ila barua yako nimeisoma mara tatu, na ushahidi umeniletea mwenyewe. Umeshindwa kuusoma kwa kuwa gari ushalipenda.

Tuanze na kibati. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana mwaka katika namba ya chesesi, lakini herufi za mwanzo zinakwambia ni toleo gani. Noah ya AZR60 ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2001 na ikakoma katikati ya 2007, Toyota walipoleta ZRR70. Noah ya 2010 inatakiwa ianze na ZRR70, au ZRR75 kama inavuta kwa magurudumu yote manne. Kwa hiyo ama kibati si cha gari lile jeupe, ama mwaka uliotajiwa si wake. Na tuseme gari lipo kweli, basi ni kongwe kuliko unavyodhani, na umri wa gari unaingia kwenye hesabu ya ushuru. Tena injini yake ni ile mafundi wetu wanayoiita D4, ambayo petroli inapuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Ikiwa nzima haina neno, na mafuta haili. Ikianza kusumbua, fundi wa Wete atakwambia nenda Unguja, na wa Unguja atakwambia agizia Dar, na wewe una abiria wanashuka melini Mkoani.

Halafu hiyo saa kumi. Japani wametutangulia kwa saa sita. Saa kumi alasiri ya Wete, kwao ni saa nne za usiku. Benki zimefungwa, ofisi zimefungwa, watu wako kwenye treni wanarudi majumbani au wamelala. Nani huyo aliyekaa mezani saa nne za usiku akiingojea milioni mbili ya mwalimu wa Pemba, tena inayotumwa kwa simu kwa mtu wa hapa hapa nchini? Saa hiyo kaiweka yeye. Na gari lililokwishapakiwa haliwi na haraka hivyo, mwanangu. Liko baharini. Litakaa huko wiki kadhaa.

Na likiwa baharini kweli, lina karatasi. Hati ya shehena, ile mawakala wa bandarini wanayoiita bi-eli, huandikwa jina la meli, namba ya safari, bandari ya kupakilia, chesesi nzima, na jina la mpokeaji. Hapo kwenye mpokeaji ndipo pa kutizama. Kama kweli palikuwa na mteja wa Dar akashindwa, basi ulize hati imeandikwa jina la nani. Ikiwa jina ni la huyo wa Dar na halijabadilishwa, unaweza kulipa milioni 18 zote na bado anayeruhusiwa kulitoa gari bandarini akawa mtu usiyemjua. Jina la meli nalo si siri: ukilipata unaiangalia mwenyewe kwenye mtandao wa MarineTraffic, unaona iko wapi na inaelekea wapi. Wewe umeletewa picha ya meli isiyo na jina. Hata mashua za Tumbe zina majina ubavuni.

Sasa bei. "Mpaka mkononi", muulize mkono upi. Bei za magari ya kuagiza zina vituo. Ipo FOB, inayoishia gari likipandishwa melini kule kwao. Nauli na bima juu yako. Ipo CIF, ambayo gari, bima na nauli vimo, lakini inaishia bandarini kwetu. Baada ya hapo ndiyo kwanza kuna ushuru, gharama za bandari, wakala wa forodha, usajili, namba, bima ya barabarani, na kwa mtu wa Pemba kuna kulivusha tena mpaka Mkoani au Wete. Siku za bure pale bandarini zikipita, kila siku ina bei yake. Mie naona uwezekano mkubwa kuwa hiyo 18, kama si ya uongo mtupu, ni CIF. Wale waliokutajia 23 walikuhesabia mpaka mlangoni kwako. Na usidhani ukinunua rahisi ushuru nao utashuka. Ushuru wa forodha hata huku Visiwani wanaotoza ni TRA, na kwa magari yaliyotumika wana thamani zao wanazozifuata; hawaishii kwenye risiti yako.

Hapa nikwambie langu, maana isije ikaonekana nakusema wewe tu. Niliwahi kununua Raum kwa picha. Dalali wangu wa wakati huo, Mungu amsamehe, aliniambia gari "mpya", na siye kwetu mpya maana yake imeshuka melini jana, hata kama imezeeka mikononi mwa watu kule ilikotoka. Imefika, nzuri, inanukia. Mwezi wa pili taa za dashibodi zikaanza kuwaka na kuzima zitakavyo. Fundi akafunua kapeti, chini yake kuna tope kavu, jembamba, limetulia kama la bonde la mpunga. Gari lilikuwa limezama kwenye mafuriko. Nilikuwa na picha arubaini na mbili za gari lile, na hata moja haikuwa ya chini ya kapeti.

Tangu siku hiyo sitazami picha kabla ya karatasi ya mnada. Magari mengi ya Japani yanayokuja kwetu yamepita mnadani, na kila gari hukaguliwa na mtu wa mnada, si wa muuzaji, akaliandikia daraja na kuchora alama kwenye mchoro wa bodi. Daraja 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 la kawaida la mtu kama mimi na wewe. Ukiona R au RA, gari liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni pahala palipowahi kunyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, na S ni kutu. Hiyo S uiogope kuliko zote. Kule kaskazini wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, gari linakula chumvi miaka kumi, kisha unalileta Pemba likale nyengine ya upepo wa bahari. Karatasi imeandikwa Kijapani, lakini alama hizi ni zile zile, na maelezo ya pembeni utampata wa kukufasiria. Iko pia hati ya kusafirisha gari nje ya Japani, inayotolewa likishafutwa usajili kule. Humo mna mwezi na mwaka lilipoandikishwa mara ya kwanza, na kilometa zilizosomwa lilipokaguliwa na serikali yao. Hizo 61,000 zako zitakuwemo, au hazimo.

Ninachotaka ukifahamu khasa ni hiki: dalali si muuzaji. Kazi yake ni kukutafutia, kukusomea, kukufuatilia. Pesa ya gari haina sababu ya kupita mkononi mwake, seuze kwa mhasibu asiye na ofisi. Muuzaji ni kampuni ya kule. Inakutolea profoma, yaani ankara ya kabla ya malipo, yenye jina lako wewe, chesesi nzima, na bei iliyopambanuliwa: gari kiasi gani, nauli kiasi gani, bima kiasi gani. Chini kuna akaunti, na jina la akaunti ni la kampuni ile ile. Unaichukua profoma unakwenda nayo benki, PBZ wako hapo hapo Pemba, unatuma kwa benki, unabaki na nakala. Kabla ya hapo unaiangalia kampuni kama imo katika orodha ya JUMVEA, jumuiya ya wauzaji nje wa magari yaliyotumika ya Japani, na unapiga simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si uliyopewa. Katikati ya njia ukiletewa ujumbe kwamba akaunti imebadilika, usitume mpaka uisikie kwa mdomo kutoka namba ile ile.

Na dalali umlipe. Hili watu wetu hawalipendi, wanataka dalali wa bure. Dalali wa bure hayuko. Chake kimefichwa ndani ya bei, na ndiyo maana hatokuonesha profoma, kwa sababu ukiiona utajua kajikatia kiasi gani. Mwambie waziwazi: ukinipatia gari hili na karatasi zake, udalali wako ni kiasi kadhaa, nusu nikishika hati ya shehena yenye jina langu, nusu gari likishatoka bandarini. Muandikishane. Anayefanya kazi kweli atafurahi, maana kwa utaratibu huo hahitaji kudanganya.

Sasa milioni mbili zako. Muandikie leo, kwa maandishi, si kwa simu, na kwa adabu. Mwambie uko tayari kuendelea akikuletea hati ya shehena, profoma, na jina la biashara yake kama lilivyosajiliwa, BPRA kama ni ya huku au BRELA kama ni ya bara. Vyenginevyo akurejeshee pesa. Usimtaje mtu, usimtishe, na lile jambo la AZR60 usimwambie, asije akapata muda wa kutafuta kibati chengine. Karatasi zikija, usizisome peke yako, mtafute wakala wa forodha mwenye leseni pale Malindi azitizame. Zisipokuja, usijitoe kwenye kundi wala usifute kitu. Piga picha mazungumzo yote, hifadhi ujumbe wa muamala wenye jina la huyo mhasibu, ripoti kwa kampuni ya simu na kwa namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kisha nenda polisi ukafungue jalada. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka kwetu. Kuzipata sikuahidi. Pesa ya simu iliyotumwa Alkhamisi mara nyingi inakuwa ishatolewa Alkhamisi hiyo hiyo. Na akija mtu kukwambia utume laki mbili za "kufungulia" hizo milioni mbili, huyo mfungie simu.

Shemeji yako usigombane naye. Yumkini naye kadanganywa, yumkini kaahidiwa chochote kwa kila mtu anayemleta, na hilo si dhambi, ila ulijue. Muulize kwa upole: kaka, wewe ushawahi kuliona gari hata moja alilolileta bwana huyu, likiwa na namba ya Z, na mwenye gari ukazungumza naye? Kama analo jibu, vyema. Kama hana, aliyekupigia kifua kapigia kifua kisicho chake. Na mkeo umueleze wewe mwanzo, usiku huu, kabla hajayasikia kwa kaka yake. Yeye yuko kati ya watu wawili na wote ni wake.

Nimeliacha la mwisho kwa kuwa wewe nawe umeliacha la mwisho.

Hukuniambia kama mikarafuu ya marehemu imeshagaiwa. Kama bado, hizo milioni nane si zako, ni za warithi. Kwa kadiri ulivyonitajia watu, mama ana thumni yake, nayo ni milioni moja. Saba zinazobaki zinakatwa mafungu manne: wewe mawili, kila dada moja. Kwa hivyo wewe una milioni tatu na nusu, na kila dada ana moja na laki saba na nusu. Wakiwepo warithi wengine, tuseme babu mzaa baba yuko hai, hesabu inabadilika, na hapo nenda kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wakuandikie. Kwamba hawajakuuliza hakukupi ruhusa. Dada wa Konde hakuuliza kwa sababu wewe ni kaka yake.

Ukishatoa hayo, mfukoni mwako umo milioni kumi na tatu na nusu, na mbili kati ya hizo ziko kwa mhasibu. Noah ya 2010 huna, kwa bei ulizonitajia mwenyewe. Mie nisingeagiza kitu mwaka huu. Ningetafuta gari dogo lililokwishavaa namba, Unguja au Chake, ambalo fundi wako atalala chini yake na kapeti atalifunua. Au kama akina dada wanaitaka biashara ya Mkoani, waingie kwa hisa zao kwa maandishi, kadi ya gari isije ikawa jina moja na pesa za watu wanne. Hilo ni lenu, mtashauriana.

Kwa mama unaogopa kuanza, naona kwenye barua. Basi usianze na Noah wala na mirathi. Kesho nenda na bati mbili na fundi, mpande juu ya jiko. Akiuliza pesa umetoa wapi, hapo mwambie zote.